Kwa nini mgeni wa tovuti yako bado anaona sura ya zamani

“Mbona kwangu bado iko vilevile?” Kila anayetunza tovuti za watu amewahi kupigiwa simu yenye swali hilo. Umebadilisha rangi, umepanga upya orodha ya bidhaa, kwenye kompyuta yako kila kitu kinapendeza, lakini mwenye tovuti akifungua kwa simu yake anakuta sura ya wiki iliyopita. Mafundi wengi hujibu kwa maneno mawili: “Futa kashe.” Kashe ni nakala za mafaili ya tovuti ambazo kivinjari huzihifadhi kwenye simu ili kisizishushe tena. Akifuta, tovuti inakaa sawa, simu inakatwa, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Jibu hilo limemsaidia mtu mmoja tu, yule aliyepiga simu. Wateja wake hawana namba yako. Wao wataendelea kuona bei mpya ndani ya kisanduku kilichoharibika, mpaka siku simu zao zenyewe zitakapoamua kuuliza upya. Tatizo hili lina chanzo kinachoeleweka na dawa yake ni ndogo: faili la mitindo likibadilika maudhui, na anwani yake ibadilike. Ugumu wote uko katika kulitekeleza hilo ndani ya mifumo tunayotumia, ambayo kila mmoja una tabia zake.

Faili linalozuia ukurasa

CSS, lugha inayoandikwa kwenye faili hilo la mitindo, ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 akiwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, na toleo lake la kwanza likapitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1996. Kazi yake ilikuwa kutoa mapambo ndani ya ukurasa na kuyaweka mahali pake. Fundi alifaidika kwa sababu anabadilisha faili moja na kurasa zote zinafuata. Mgeni naye alifaidika, ingawa faida yake husahaulika: faili likishashuka mara moja, kurasa zote anazofungua baadaye zinalitumia hilohilo bila kulishusha tena.

Lakini kivinjari hakichori ukurasa kabla mitindo yake haijafika. Maandishi yote yanaweza kuwa yameshaingia kwenye simu, ila kama faili la CSS bado liko njiani, mgeni anatazama skrini nyeupe. Kinafanya hivyo makusudi. Kingechora kwanza na kupamba baadaye, kila kitu kingekuwa kinarukaruka machoni.

Sasa pima njia hiyo ukiwa Kigoma. Kwa Reli ya Kati, kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250, na seva za tovuti zetu nyingi hazipo hata Dar. Ziko Ulaya au Marekani, ng’ambo ya nyaya za chini ya bahari kama SEACOM iliyoanza kazi 2009 na EASSy ya 2010. Mwanga ndani ya nyaya hizo unasafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali una gharama ambayo hakuna kifurushi cha kasi kinachoweza kuiondoa. Na simu inapofungua tovuti mara ya kwanza inakwenda na kurudi zaidi ya mara moja: kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji wa HTTPS, ndipo iombe ukurasa. Chukulia safari moja ya kwenda na kurudi ni milisekunde 200. Safari tatu ni zaidi ya nusu sekunde, na hapo mtandao uko vizuri, si jioni ya mvua pale Ujiji.

Halafu kuna bando. Mtu wa Gungu aliyenunua bando la siku analipia kila KB inayoshuka, pamoja na za mapambo. Tovuti yenye KB 150 za CSS, isiyoruhusu kashe, itamla MB moja na nusu kwa kurasa kumi tu, kabla hujahesabu hata picha moja. Ndiyo maana nakerwa sana ninapokuta fundi amezima kashe ya tovuti nzima ili kazi yake ionekane haraka. Amejipunguzia simu za malalamiko, bili ameipeleka kwa mgeni.

Kinachotazamwa ni anwani

Kivinjari hakina namna ya kujua kwamba umehariri faili bila kwenda kuuliza, na kuuliza ndiko tunakotaka kukwepa. Kinakumbuka anwani tu. Mwenye stoo pale Kibirizi akiletewa gunia la dagaa lenye maandishi yaleyale ya gunia alilonalo ndani, hana sababu ya kulifungua; atasema hili ninalo. Vivyo hivyo `style.css` ya Januari na `style.css` ya Machi, kwa kivinjari ni kitu kimoja, hadi muda wa ile nakala ya kwanza uishe.

Muda huo hutolewa na seva kwenye heda, yaani maelezo mafupi yanayoambatana na faili, iitwayo `Cache-Control`. Ikisema `max-age=86400`, kivinjari kina ruhusa ya kutumia nakala yake kwa sekunde 86,400, yaani saa 24, bila kuuliza. Muda ukiisha hakitupi nakala. Kinauliza: ninayo yenye alama hii, bado inafaa? Alama yenyewe ni `ETag`, au tarehe ya `Last-Modified`. Seva ikijibu 304, yaani “haijabadilika”, nakala ileile inaendelea kutumika. Jibu la 304 halibebi mzigo, lakini safari ya kwenda na kurudi imeshafanyika, na kwa mtu aliye mbali na seva safari ndiyo sehemu ghali.

Hapo kuna maagizo mawili yanayowachanganya hata wazoefu. `no-cache` haikatazi kuhifadhi. Inasema hifadhi, ila uliza kila mara kabla ya kutumia. Inayokataza kuhifadhi kabisa ni `no-store`. Ukiweka la pili ulipokusudia la kwanza, faili zima linashuka upya kila ukurasa.

Na seva isiposema chochote? Wengi hudhani basi hakuna kashe. Kumbe kivinjari hukisia. Kanuni za kashe za HTTP, zilizotolewa upya mwaka 2022 kama RFC 9111, zinaruhusu ukisiaji huo, na kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili liguswe mara ya mwisho. Faili lililokaa siku 200 bila kubadilishwa linaweza kuhesabiwa kuwa linafaa kwa siku 20 zaidi. Ndiyo maana tovuti iliyotelekezwa miaka mingi ndiyo inayong’ang’ania sura ya zamani siku unapoipaka rangi mpya, na ile inayoguswa kila wiki haisumbui sana.

Mfumo ndio unaoandika anwani

Ungekuwa unaandika HTML, lugha ya kurasa zenyewe, kwa mkono, ungebadilisha jina la faili mwenyewe na mambo yangeisha. Ndani ya mfumo wa kusimamia maudhui kama WordPress, anwani ya CSS huiandiki wewe. Mfumo unaiandika kwa niaba yako kila ukurasa unapotengenezwa.

WordPress inaongeza namba mwishoni. Fundi anasajili faili lake kwa `wp_enqueue_style`, na kwenye ukurasa linatoka kama `style.css?ver=1.4`. Kwa kivinjari, `?ver=1.4` na `?ver=1.5` ni anwani mbili tofauti hata kama kwenye diski ni faili moja. Shida inaanza fundi asipotaja namba. WordPress haiachi nafasi hiyo wazi, inaweka namba ya toleo la WordPress yenyewe. Unaweza kuhariri CSS kila siku kwa miezi miwili na anwani isisogee hata kidogo. Kisha siku WordPress inaposasishwa, mabadiliko yote yanawashukia watu kwa mpigo, na lawama inapewa sasisho ambalo halina kosa.

Dawa yake ni ya mstari mmoja: mahali pa namba weka `filemtime`, yaani muda ambao faili lilibadilishwa mara ya mwisho kwenye diski. Ukihifadhi faili, namba inabadilika yenyewe. Namba ya kuandika kwa mkono inategemea kumbukumbu ya mtu mwenye haraka saa tano usiku, na sioni sababu ya kumbebesha mzigo huo.

Kile kisanduku cha CSS ya ziada kilichokuja na WordPress 4.7, Desemba 2016, kina mambo yake. Unachoandika pale kinakaa kwenye hifadhidata na kuchapwa ndani ya ukurasa wenyewe, hakina faili. Kwa hiyo kinafuata hali ya ukurasa: ukurasa ukiwa mpya nacho ni kipya, ukiwa wa zamani nacho ni cha zamani. Kwa mistari kumi ya marekebisho ni njia nzuri tu. Ila tovuti zinazopita mikononi mwa watu wengi huishia kurundika humo mamia ya mistari, na rundo hilo lote linashuka upya kila mgeni anapofungua ukurasa mwingine.

Ipo mifumo inayoweka mitindo yote kwenye hifadhidata, ili uihariri kwa kivinjari bila kugusa mafaili ya seva. Kwa mtu anayefanyia kazi kwenye kompyuta ya kuazima, ni msaada mkubwa. Cha kuangalia ni jinsi mitindo hiyo inavyotoka. Njia mbaya ni anwani kama `css.php?id=12`: kila ombi linaiamsha PHP, lugha ya programu inayoendesha mfumo kwenye seva, nayo PHP inaiuliza hifadhidata, ndipo CSS itoke. Na kama skripti hiyo inaanza na `session_start()`, amri ya kuanza kumfuatilia mgeni mmoja mmoja, PHP kwa mpangilio wake wa kawaida inabandika heda za kukataza kashe, pamoja na tarehe ya kuisha muda ambayo ni Alhamisi, 19 Novemba 1981. Ukiiona tarehe hiyo kwenye majibu ya faili la CSS, usitafute chanzo kingine.

Njia nzuri ni kuandika faili. CMS Made Simple, mmoja wa mifumo hiyo, inaweka mitindo kwenye hifadhidata, lakini ikihitajika inaiandika kuwa faili la kawaida kwenye kabrasha la kashe, na jina la faili linabeba mfuatano wa herufi na namba uliokokotolewa na mfumo. Ukihariri mitindo, mfuatano unakuwa mwingine, faili jipya linaandikwa, ukurasa unaelekeza huko. Drupal, mfumo mwingine wa kusimamia maudhui, ikiunganisha mafaili ya CSS inafuata wazo hilohilo. Naipenda njia hii kuliko ile ya alama ya kuuliza, kwa sababu baadhi ya kashe za katikati, zilizo kati ya seva na mgeni, zinaweza kupangwa zisitazame kinachofuata alama ya kuuliza, na hapo `?ver` yako haina kazi. Jina la faili lenyewe likibadilika, hakuna wa kulipuuza.

Kashe iliyo juu ya kashe

Umeweka `filemtime`, anwani inabadilika vizuri, na bado mteja anaona ya zamani. Hapo tazama ukurasa, achana na faili. Plagini za kashe, programu ndogo zinazoongezwa kwenye mfumo, huhifadhi HTML iliyokwisha kutengenezwa ili seva isirudie kazi kwa kila mgeni. HTML hiyo iliandikwa jana, kwa hiyo inaelekeza kwenye anwani ya jana. Anwani mpya ipo, ila hakuna aliyepewa.

Tuseme kuna mama anauza mawese na dagaa pale Mwanga, na tovuti yake inapokea oda. Anakuja na simu mkononi. “Mwanangu, kitufe cha kuagiza kwenye kompyuta yako ni cha kijani. Kwangu mimi cha bluu, na maandishi yamekatika. Mteja wangu wa Kasulu naye anasema hivyohivyo.”

“Shikamoo mama. Usifute kitu kwanza, naomba niione ilivyo.”

Simu hiyo ndiyo ushahidi. Ukishafuta kashe yake umepoteza njia ya kujua kosa lilikuwa wapi, na maneno yake kuhusu Kasulu yanaonyesha halipo kwenye simu moja. Unafungua tovuti kwenye simu yake ileile kwa kichupo cha faragha, ambacho hakitumii nakala za kivinjari cha kawaida. Kitufe ni cha kijani. Basi faili lililoko kwenye seva ni jipya, na simu inatumia nakala yake ya anwani ya zamani. Swali ni nani bado anaipa anwani hiyo. Unarudi kwenye kompyuta, unatoka kwenye akaunti ya usimamizi, unatazama chanzo cha ukurasa kama mgeni. Kiungo cha CSS kinaishia `?ver=1.4`. Unaingia tena kwenye akaunti, unatazama ukurasa uleule: `?ver=1.5`.

Sababu ni kwamba plagini nyingi za kashe hazimpi mtu aliyeingia kwenye akaunti ile nakala iliyohifadhiwa. Zinamtengenezea ukurasa mpya. Fundi anashinda ameingia kwenye akaunti siku nzima, kwa hiyo ndiye mtu pekee asiyeweza kuliona tatizo. Unafuta kashe ya kurasa kwenye seva, mara moja. Mama anafungua tena kwa njia yake ya kawaida na kitufe kimekuwa cha kijani, bila kufuta chochote kwenye simu. Wa Kasulu naye hivyohivyo, na hakuna aliyempigia.

Lipo kosa la kinyume ambalo ni baya zaidi, nalo ni kufuta kwa pupa. Plagini inayounganisha CSS inatengeneza faili jipya na kulitupa la zamani papo hapo, wakati HTML ya zamani bado imehifadhiwa mahali fulani, kwenye seva au kwenye mtandao wa kusambaza maudhui ulioko mbele yake. Ukurasa huo unaomba faili ambalo halipo. Mgeni anaona maandishi meusi kwenye weupe, orodha imeporomoka, picha zimetanda, na anadhani tovuti imedukuliwa. Drupal imelifikiria hili: faili la muungano lililopitwa na wakati halifutwi hadi lifikishe umri uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 2,592,000, yaani siku 30. Mfumo wako usipofanya hivyo, yaache mafaili ya zamani yakae. Diski ni rahisi kuliko mteja aliyekimbia.

Mpangilio wenyewe

Anwani ikishakuwa inabadilika kila maudhui yanapobadilika, ndipo unapoweza kuwa mkarimu. Faili la CSS lipewe `Cache-Control: public, max-age=31536000, immutable`. Hizo ni sekunde za siku 365. Neno la mwisho, lililoingia kwenye kanuni mwaka 2017, linakiambia kivinjari kisiulize hata mtu akipakia ukurasa upya. Si vivinjari vyote vinavyolijali, lakini halidhuru. Ukurasa wa HTML wenyewe upewe `no-cache`, uulizwe kila mara, kwa sababu ndio unaobeba anwani mpya. Ukurasa ni mwepesi na jibu la 304 linatosha kama haujabadilika.

Usiweke mwaka mzima kwa jina lisilobadilika. Nakala ikishashuka kwenye simu ya mtu na ruhusa ya siku 365, huna namna ya kuifuata huko. Hakuna kitufe cha kuirudisha kwenye seva, kwenye plagini, wala popote, mpaka mwenye simu aiondoe mwenyewe au wewe uhamie anwani nyingine.

Sehemu inayowanasa watu hata baada ya kupanga haya yote ni `@import`. Themu (vifurushi vya sura ya tovuti) za zamani za WordPress zilizotengenezwa juu ya themu nyingine zilikuwa na mstari huo juu kabisa, wa kuita mitindo ya themu mama. Faili la nje limepata anwani mpya, lakini lile linaloitwa ndani halina namba yoyote, kwa hiyo linabaki la zamani. Zaidi ya hapo, kivinjari hakiwezi kujua kuwa kuna faili la pili hadi kishushe na kusoma la kwanza. Ni safari nyingine ya kwenda na kurudi wakati skrini bado nyeupe. Toa `@import`, sajili mafaili yote mawili kwa `wp_enqueue_style`. Picha na fonti zinazotajwa ndani ya CSS zina tabia hiyohiyo: ukibadilisha picha, badilisha na jina lake.

Kuna ushauri mmoja wa zamani ambao bado unazunguka: kwamba uite Bootstrap, mkusanyiko wa mitindo iliyo tayari, au fonti kutoka seva ya pamoja inayotumiwa na tovuti nyingi, maana huenda mgeni ameshazishusha akiwa kwenye tovuti nyingine. Ulikuwa ushauri mzuri. Siku hizi vivinjari vinatenga kashe kwa kila tovuti, ili tovuti isiweze kupeleleza ulipopita. Chrome ilianza na toleo la 86, Oktoba 2020, na Safari ilitangulia. Nakala iliyoshuka kwa tovuti nyingine haikusaidii tena, na umemwongezea mgeni kazi ya kufungua muunganisho na seva ya pili. Weka faili kwenye seva yako mwenyewe, na hakikisha inatoka ikiwa imebanwa kwa gzip au Brotli, njia mbili za kupunguza ukubwa wa faili njiani. Faili la Bootstrap 5.3 lililopunguzwa linazidi KB 200 likiwa wazi, na likibanwa hushuka kama KB 30. Kwa bando la siku, tofauti hiyo inaonekana.

Mwenye duka asiye fundi hahitaji kujua heda hata moja ili kukagua kazi aliyolipia. Kabla ya mabadiliko, fungua tovuti kwenye kompyuta bila kuingia kwenye akaunti, bonyeza Ctrl na U, tafuta `.css`, nakili anwani unazoziona. Baada ya mabadiliko rudia vilevile. Kama rangi zimebadilishwa, si kwa kile kisanduku cha CSS ya ziada, na anwani zote zimebaki zilezile herufi kwa herufi, mwambie fundi arudi amalizie kabla hujamlipa.